Shinyanga ya Kale: Kijiji cha Shoka na Jembe

Kilomita chache kutoka mji wa Shinyanga wa leo kipo kijiji kiitwacho Shinyanga ya Kale, na wengi husema Old Shinyanga kama walivyozoea tangu siku za Waingereza. Mgeni apitaye huona mashamba ya mtama, mahindi na pamba, ng'ombe wenye nundu wakichungwa na watoto, na mawe makubwa yaliyopandana vilimani kana kwamba yamewekwa kwa mikono ya majitu. Hakuna jumba kubwa la kutazama. Wala mgeni huyo hawezi kudhani kwamba hapa, kwa miaka mingi, wataalamu walikaa kujifunza jinsi ya kumshinda inzi mmoja tu, na kwamba kwa ajili ya inzi huyo pori la nchi nzima liliangushwa kwa shoka.

Hapo ndipo palipokuwa na boma la serikali kabla ya reli. Njia ya reli itokayo Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, maduka na ofisi zikafuata stesheni, na mji mpya ukakua kando ya reli. Shinyanga ya Kale ikabaki kijiji. Lakini habari zake zastahili kusomwa, kwa kuwa zaonyesha jinsi watu walivyokata miti wapate kuishi, na jinsi wajukuu wao walivyolazimika kuiacha miti iote tena, kwa sababu ile ile.

NCHI NA UDONGO WAKE

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe, maana habari za wakulima hazieleweki bila kuujua udongo waulimao. Nchi ya Shinyanga ni nchi ya mawimbi: kilima cha mawe, kisha mteremko, kisha bonde pana, halafu kilima kingine. Wasukuma hawasemi udongo tu, kana kwamba ni wa namna moja. Juu, karibu na mawe, ni luseni, yaani udongo wa mchanga, mwepesi kwa jembe. Huko watu walijenga nyumba zao, wakalima uwele, karanga, njugu mawe, mihogo na viazi vitamu. Chini yake ni itogolo, udongo wa kijivu ulio mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Zamani ulikuwa wa malisho, lakini siku hizi wengi hutengeneza majaruba humo wakalima mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito, wenye kupasuka nyufa wakati wa jua na kunata miguuni wakati wa mvua. Mbuga ina rutuba, nayo hustawisha mtama na pamba, ila kuilima kwa jembe la mkono ni kazi ya mateso. Ndiyo maana plau la ng'ombe lilipokuja lilipokelewa kwa furaha.

Mvua yake si nyingi. Huanza mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Aprili au Mei, na kwa mwaka mmoja hupatikana milimita 600 hata 800. Miezi iliyobaki ni kiangazi kitupu. Basi katika nchi kama hii mti si pambo. Mti ni kuni, ni nguzo, ni dawa, ni kivuli cha ndama, na majani yake ni chakula cha mbuzi nyasi zikiisha.

Wazee husimulia kwamba hata cheo cha mtemi, ndiye mfalme wa Wasukuma, asili yake ni shoka. Kutema ni kukata. Wako wasemao kwamba mtemi wa kwanza alikuwa mtu aliyeingia porini, akatema miti, akafungua nchi, kisha akawagawia wenziwe mahali pa kujenga. Wako wengine wasemao kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alikata mashauri. Huenda wote wana haki, kwa kuwa mwenye kufungua pori ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua nani alime wapi.

JINSI PORI LILIVYORUDI

Watoto wengi hudhani kwamba zamani za kale kila mahali palikuwa pori, na kwamba watu wamekuwa wakilipunguza siku zote. Si hivyo. Pori huja na kwenda kama maji ya ziwa.

Karibu na mwaka 1890 maradhi ya ng'ombe yaitwayo sotoka yaliingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini, yakawaua ng'ombe wengi mno. Mwenye mia alibaki na wachache, na mwenye wachache alibaki na kamba mkononi. Baada ya sotoka zikaja ndui, funza wa miguuni, na njaa. Halafu ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914, nayo ikawachukua vijana kuwa askari na wapagazi. Mashamba yakaachwa. Mahali palipokuwa malisho yaliyoliwa chini na ng'ombe pakaota vichaka vya miiba. Vichakani wakaja ngiri, pofu na wanyama wengine. Na pamoja na wanyama akaja mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Tumtazame mdudu huyu kidogo, kwa maana yeye ndiye sababu ya yote yaliyofuata. Mbung'o ni mkubwa kuliko inzi wa nyumbani, na akitua hulaza mabawa yake moja juu ya lingine kama mapanga ya mkasi uliofungwa. Dume na jike wote huishi kwa damu tupu. Akimuuma mnyama mwenye vijidudu vya maradhi huvibeba, kisha akimuuma ng'ombe humtia nagana. Ng'ombe mwenye nagana hukonda hata mbavu zikahesabika, manyoya husimama, machozi humtoka, na mwisho hufa. Wanyama wa porini hukaa na vijidudu hivyo bila kudhurika sana. Aina nyingine ya vijidudu huwatia watu malale. Mwaka 1922 malale hayo yalionekana Maswa, si mbali na Shinyanga, na watu wakaogopa sana.

Lakini mbung'o ana udhaifu wake. Wadudu wengine hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hataga, bali huzaa funza mmoja mmoja, na kati ya mmoja na mwingine hupita siku 9 au 10. Funza huyo huangushwa penye kivuli, akajichimbia katika udongo laini, akawa buu mgumu kama mbegu nyeusi, akakaa huko kama mwezi mmoja. Jua kali likiupiga udongo ule, hufa. Basi adui huyu huzaa polepole, naye hawezi kuishi bila kivuli. Ondoa kivuli, nawe umemwondoa.

SIKU ZA MASHOKA

Katika miaka ya 1920 alikuwako Mwingereza mmoja, jina lake C. F. M. Swynnerton, aliyewekwa mwaka 1919 kuwa msimamizi wa wanyama wa porini wa Tanganyika. Alikuwa mtu wa kuchunguza kila kitu, ndege, vipepeo na majani. Aliona kwamba serikali haikuwa na fedha wala watu wa kutosha kumfukuza mbung'o, ila Wasukuma walikuwa wengi, walikuwa na mashoka, na walikuwa na ng'ombe wa kuwapigania. Basi akashauriana na watemi. Miongoni mwa watemi wa siku hizo alikuwa Makwaia wa Usiha, babaye Kidaha Makwaia, ambaye mwaka 1945 aliteuliwa kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani. Mtemi alitoa amri, wanangwa wakaipeleka vijijini, na watu wakatoka kwa maelfu. Wasukuma tangu zamani walijua kufanya kazi kwa pamoja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao na mkubwa wao aitwaye nsumba ntale, nao walilima mashamba ya watu kwa zamu, kwa nyimbo na kwa kushindana. Desturi ile ile ya jembe ikatumika kwa shoka. Wengine walikuja kwa moyo, maana ng'ombe waliokuwa wakifa ni wao. Wengine walikuja kwa kuwa mtemi ameamuru, nao wasingethubutu kukaa nyumbani. Yafaa tuyakumbuke yote mawili, kwa kuwa vitabu vya zamani hupenda kutaja moyo tu na kuinyamazia amri.

Namna za kazi zilikuwa nyingi. Vichaka vilikatwa chini kabisa. Miti minene ilichunwa gome kiunoni kuuzunguka mti wote, ikakauka imesimama. Nyasi hazikuchomwa mapema, bali zililindwa hata mwezi wa Septemba au Oktoba, zikiisha kukauka kabisa, ndipo moto ukatiwa siku moja kwa mstari mrefu. Moto wa mapema huwa dhaifu. Moto wa mwisho wa kiangazi hunguruma, nao uliangamiza vichaka ambavyo shoka halikufika.

Mwaka 1929 ikaanzishwa idara maalum ya kuchunguza mbung'o, Swynnerton akiwa mkuu wake, na kazi yake ikawekwa Shinyanga ya Kale. Pori likagawanywa vipande kama daftari la hesabu: kipande hiki kikatwe chote, kile kichomwe kila mwaka, kingine kisiguswe na moto hata kidogo, ili ionekane ni wapi mbung'o atapungua. Vijana wa nchi hii waliajiriwa kutembea njia zile zile kila wiki wakiwakamata inzi kwa nyavu na kuwahesabu. Hesabu yao ndiyo iliyojaza vitabu vya wataalamu; majina yao hayamo humo. Jina la Swynnerton lilipewa aina moja ya mbung'o wa nchi hizi. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege akiwa safarini katika Tanganyika. Baadaye uchunguzi huo uliunganishwa kwa Afrika ya Mashariki yote, na makao yake yakawa Tororo, katika Uganda.

Wachunguzi hao waligundua jambo ambalo lingefaa kusikilizwa zaidi: si lazima kukata kila mti. Mbung'o wa nchi ile alihitaji namna fulani ya vichaka, hasa vile vya kando ya makorongo na mahali penye kivuli kizito. Vikiondolewa hivyo tu, alishindwa kukaa. Lakini habari hii ilikuja wakati shoka limekwisha kuzoea kukata, na mwenye shamba hakuona sababu ya kuuacha mti uliomzibia jua mtama wake.

Taabu kubwa haikuwa kukata. Taabu ilikuwa machipukizi. Mgunga uliokatwa mwaka huu, mwaka ujao hutoa matawi 10 kutoka kisiki kimoja, na baada ya miaka michache kivuli kimerudi. Ilibidi watu wahamie upesi mahali palipokatwa, walime, wachunge ng'ombe na mbuzi, wakate tena na tena. Kwa hiyo vijiji vikasogea, na ng'ombe wakasogea pamoja navyo. Kumbukeni neno hili la visiki, kwa maana tutalirudia.

NCHI IKABAKI TUPU

Kwa muda ushindi ulionekana kuwa kamili. Ng'ombe wakaongezeka. Watoto wakanywa maziwa mahali ambapo baba zao hawakuthubutu kupitisha hata mbuzi. Pamba ikaenea, kwa kuwa palikuwa na mbuga za kulima, na plau likazifungua. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson akagundua almasi Mwadui, kaskazini ya mji, na watu wakaja kutafuta kazi. Nao, kama watu wote, walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea.

Mibuyu ikabaki, maana shoka haliipati kwa urahisi wala kuni zake hazifai. Mikwaju ikabaki hapa na pale. Mingine ikaenda. Palipobaki miti, wakulima waliikata ili kuwanyima kweleakwelea mahali pa kulala, kwa kuwa ndege hao wakishuka juu ya shamba la mtama hawaachi kitu. Wazee wakazungushia miji yao minyaa badala ya maboma ya miti. Akina mama wakapikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha wakapikia samadi kavu. Hapo ndipo penye hasara isiyoonekana: samadi iliyochomwa jikoni haikurudi shambani, na shamba lisilolishwa likachoka.

Baada ya miti kwenda, udongo nao ukaanza kwenda. Mvua ya kwanza ya mwezi wa Novemba huanguka kwa nguvu. Isipokuta majani wala mizizi huchukua udongo wa juu mpaka kwenye makorongo. Jambo hili halikuwapata Wasukuma peke yao. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Marekani waliolima nyanda zao pana kwa matrekta waliona upepo ukiinua mashamba yao kama moshi, na familia nyingi zikahama. Wao walikuwa na elimu na mashine, wala hazikuwaokoa.

Serikali ya Kiingereza iliona hatari, na mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa Usukuma. Malambo yakachimbwa ili ng'ombe wanywe karibu, na hilo lilipendwa. Lakini zikaja pia amri nyingi: matuta yafanywe hivi, ng'ombe wapunguzwe, mtu asikate hapa. Watu walizichukia, na asiyetii alitozwa faini. Ni vigumu kumfundisha mtu kuupenda mti kwa kumtoza faini, hasa ikiwa mwenye amri hiyo ni serikali ile ile iliyoamuru miti ikatwe miaka 20 iliyopita.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, amri hizo hazikuwa na nguvu tena. Utemi ukafutwa mwaka 1963. Mwaka 1974 ukaja Uhamisho wa Vijijini, na kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na malisho yake, zikakusanywa pamoja. Kwa shule na zahanati ilikuwa faida. Kwa miti ilikuwa hasara, kwa kuwa mahali alipohifadhi mtu majani yake hapakuwa na mlinzi tena, na kando ya vijiji vipya pakakatwa na kuchungwa hata pakawa kama kiganja cha mkono. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alipotembelea Shinyanga alisikitika kwa aliyoyaona. Wako waliokwisha kuiita nchi hiyo jangwa la Tanzania.

NGITILI

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni mabwana miti walifanya kama walivyofundishwa: wakatengeneza vitalu, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya miti migeni kama mikaratusi, wakawagawia watu. Mchwa wakala sehemu yao, jua likala sehemu yake, mbuzi wakamaliza. Ndipo wakaanza kuwauliza wazee, nao wazee wakawaambia habari za ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi hukua, zikatoa mbegu, zikakauka zimesimama. Hata ifikapo Julai au Agosti, malisho mengine yakiwa vumbi, ngitili hufunguliwa, nao huingizwa kwanza wale wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai wa plau ambao lazima wawe na nguvu mvua zitakapoanza. Iko ngitili ya mtu na kaya yake, na iko ngitili ya kijiji au ya ukoo. Desturi hii ni ya zamani, ila ilikuwa imekaribia kufa; mwaka 1985 ngitili zilizojulikana hazikupita hekta 600 hivi.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Mahali palipofungwa, hata bila kupandwa mche mmoja, baada ya miaka michache miti ilitokea yenyewe. Ilitoka wapi? Mingi ilitoka chini. Mizizi na visiki vilikuwa vingali hai udongoni, vikichipua kila mwaka na kila mwaka vikiliwa na mbuzi kabla ya kuinuka. Yale machipukizi yaliyowasumbua babu zao, waliyoyakata tena na tena bila kuyashinda, ndiyo yaliyowarudishia wajukuu miti yao. Kazi iliyotakiwa ilikuwa kutokufanya kitu, yaani kuwazuia ng'ombe na shoka. Na wote wenye ng'ombe wanajua kwamba kuzuia ni kazi kuliko kupanda.

Nani alizuia? Si askari wa serikali. Vijiji vilitumia mkutano wao wa zamani uitwao dagashida, ambamo wazee husikiliza shauri na kutoa hukumu, na walinzi wa jadi, sungusungu, walioanza karibu na mwaka 1982 kwa ajili ya kuwakamata wezi wa ng'ombe. Mtu akichunga katika ngitili iliyofungwa aliitwa mbele ya watu aliokua nao, akatozwa faini na wao wenyewe. Aibu ilikuwa kubwa kuliko faini.

Mpango wa HASHI ulikwisha mwaka 2004. Kufikia wakati huo ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wataalamu waliozichunguza walihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta. Mimi naona hesabu iliyo kubwa kuliko hizo ni ile ya saa. Katika kaya zilizokuwa na ngitili karibu, mama aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni aliokoa saa 2 hata 6 kwa safari moja. Fikirini msichana aweza kufanya nini kwa saa 6 za mchana. Na moja katika hayo ni kwenda shule.

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa mema. Mwenye ng'ombe wengi alifunga ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe alikuta njia aliyozoea kuokota kuni imefungwa. Wengine walikodisha ngitili zao kwa fedha, na maskini hawakuwa na fedha. Pakawa na ugomvi wa mipaka kati ya ndugu na ndugu. Tena pori likirudi, fisi naye hurudi, na mwenye mbuzi hafurahi. Mashauri ya namna hii yangali yakiletwa mbele ya wazee, wala hayana hukumu nyepesi.

WALIOHAMIA MAGHARIBI

Si wote waliokaa. Tangu miaka ya 1940 kaya nyingi za Wasukuma, zikiona mashamba yamechoka na malisho yamekwisha, zilichukua ng'ombe wao wakavuka kwenda magharibi, kusini ya Ziwa, katika nchi ya Wazinza, ambayo sasa ni Geita. Huko mvua ni nyingi zaidi, na msitu wake ni wa miombo na mininga, mti wenye mbao nyekundu nzuri ambazo mafundi seremala huzipenda kuliko zote. Huko pia alikuwako mbung'o. Basi wakafanya kama babu zao walivyofanya Shinyanga: wakakata, wakachoma, wakalima pamba, mihogo na mahindi, wakaleta ng'ombe nyuma ya shoka.

Lakini Geita ina kitu ambacho Shinyanga ya Kale haina. Chini ya vilima vyake kuna dhahabu. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mwingine mkubwa wa kuchimba kwa mashimo ya wazi, na mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa. Kando ya mgodi huo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo. Duara la mchimbaji mdogo huenda chini kama kisima, na kuta zake huzuiwa zisianguke kwa magogo yaitwayo matimba. Magogo hayo hukatwa porini. Matimba yakiwa mabovu au machache, udongo huporomoka, na watu hufukiwa wakiwa hai. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili awezaye kumwambia mchimbaji apunguze miti ya duara lake. Juu ya hayo, miji iliyokua kwa dhahabu hupikia mkaa, na mkaa ni miti.

Mkulima wa Geita, basi, ana jirani wawili wenye haja ya msitu ule ule, mmoja juu ya ardhi na mwingine chini yake. Shinyanga ilichukua kama miaka 60 kutoka siku za mashoka mpaka siku za HASHI, na visiki vyake vilingoja. Visiki vya miombo navyo huchipua, vikiachwa. Lakini mahali palipopinduliwa na kuchimbwa mpaka mwambani hakuna kisiki kilichobaki cha kungoja, na huko miche ya kitaluni, ile ile iliyoliwa na mchwa Shinyanga, ndiyo njia iliyobaki, na itahitaji mtu wa kuimwagilia kiangazi chote.

MASWALI

Kwa nini mji wa Shinyanga ulihama kutoka mahali pake pa kwanza?
Elezeni jinsi mbung'o anavyozaa, na kwa nini kuondoa kivuli humdhuru.
Kwa nini moto wa mwezi wa Oktoba una nguvu kuliko moto wa mwezi wa Juni?
Ngitili hufungwa lini, hufunguliwa lini, na ni ng'ombe gani huingizwa kwanza?
Waulizeni wazee wa kwenu majina ya namna za udongo wa kijiji chenu na miti iliyokuwako walipokuwa watoto. Andikeni majina hayo kwa lugha ya nyumbani, kisha mtafute ni mingapi ya miti hiyo mwaweza kuiona kwa macho leo.